Pumzi Uliyoizuia Mbele Yangu

Khelef,

Assalamu alaykum. Salamu yenyewe ndiyo hiyo, usigeuze karatasi kutafuta nyingine. Kofi nililokupiga leo mchana mbele ya jirani yetu Bi Kazija silitolei radhi. Nimeswali Isha, nimekaa kitako nikalifikiri, na nimeona lilikuwa dogo. Ungekuwa bado umo darasani mwangu ungekula fimbo, kisha ungesimama ukutani mpaka kengele ya kutokea.

Weye sasa uko Konde unawaaga wajomba zako. Utarudi umeshiba, utalala, na alfajiri gari ya kwenda uwanja wa ndege itakuwa mlangoni. Ana kwa ana hatutaongea. Tangu lini mie na weye tukaongea ana kwa ana? Nitasema, "Umechukua koti?" Utasema, "Nimechukua, mama." Na mtoto pekee niliyebakiwa naye ataingia garini aende zake. Kwa hiyo naandika. Mambo ya koti, chakula na kupiga simu nayaacha. Una mvi mbili kidevuni, na huko Namibia umeshakaa misimu ya kutosha bila ya mie kukufunga vifungo.

Nataka tuzungumze kile kidude chako cha kidole.

Ulikitoa mfukoni tulipomaliza kula, kidogo hivi kama kibanio cha nguo, ukambana nacho Bi Kazija. Ukamwambia kinaonesha oksijeni iliyomo kwenye damu. Yule mama wa watu akauvuta mkono kama ameungua. "Oksijeni? Si ndo ile gesi wanayowekewa wagonjwa hospitali? Yakhe, mtu akishawekewa gesi huyo si wa kurudi nyumbani! Na weye waipeleka juu kwa hiari yako?"

Ukacheka, ukamweleza. Ndege yenu haina injini. Inapanda kwa hewa ya moto inayonyanyuka kutoka jangwani, na ikipanda sana inafika mahali ambapo hewa ni nyepesi, mtu anavuta na haimtoshi. Ndiyo maana mnachukua mtungi wa oksijeni, na kila rubani anachagua namna ya kuivuta, kwa mrija wa puani au kwa barakoa. Ulieleza vizuri, ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama zote. Bi Kazija akauliza swali la maana kuliko yote, kwamba utajuaje kama hewa imekuishia. Ukamjibu, "Nitafungua mtungi nikihisi. Mie nina pumzi, Bi Kazija. Wenzangu wanafungua mapema kwa woga tu." Kisha kichaa chako kikakupanda. "Tazameni," ulisema. Ukajibana kidude kidoleni, ukavuta pumzi, ukaizuia.

Ukakaa. Namba ikaanza kushuka. Weye unatucheka kwa macho, mabega yametulia, midomo inageuka rangi, na namba inashuka. Bi Kazija akanogewa, akaanza kupiga makofi. "Jikaze, Khelef! Jikaze!"

Hapo nikakupiga.

Ulipozinduka kwa lile kofi ukasema maneno ambayo naona hujayasikia mwenyewe. Ulisema, "Mama, mbona sijambo! Sijahisi kitu!" Na ukaanza kupumua, na mie jicho langu liko kwenye kidude, na namba ikaendelea kushuka. Ulikuwa unapumua kama farasi na namba bado inashuka, ndipo ikasimama, ikaanza kupanda taratibu. Uliona hilo? Hukuona, ulikuwa unashika shavu. Kile kidude kinakuja nyuma ya mambo. Kinakwambia habari za jana.

Bi Kazija akaondoka na aibu asiyoistahili, maana yeye anajua tu kwamba ndugu yako alikufa maji. Hajui alivyokufa. Mie na weye tunajua, na hatujawahi kulitia mdomoni. Leo nalitia.

Ilikuwa Idd pili, bado tunakaa kijijini. Babako, Mungu amrehemu, alikuwa mzamiaji wa majongoo ya bahari, anazama kwa pumzi yake bila ya mtungi, na aliionea fahari pumzi ile kuliko nyumba yake na mke wake. Alimfundisha kakako Kombo kuhema haraka haraka kabla ya kuzama, ili kifua kisimsumbue kudai hewa akiwa chini. Tuliona ni ujuzi. Kumbe alikuwa anamfundisha kuizima kengele ya mlinzi. Vijana wakashindana kuzama, kila mmoja ashike kigingi cha shamba la mwani chini, atakayetoka mwisho ndiye mshindi. Mie nilisimama ufukweni na nguo yangu mpya ya Idd, mwalimu wa darasa la kwanza, najisikia kweli kweli. Maji yalikuwa meupe, tunawaona mpaka chini.

Wenzake wakatoka mmoja mmoja, wanakohoa. Kombo akabaki. Kabla ya hapo alitutazama kutoka chini akacheka, nililiona jino lake lile lililovunjika. Nikapiga kelele, "Jikaze Kombo! Jikaze mwanangu!" Unalijua neno lile, ndilo neno langu la kazi. Nimelisema kwa watoto waliokataa kusoma, kwa wajawazito, kwa babako alipougua. Wanawake wenzangu wakaliitikia. Weye ulikuwa mdogo, umepanda juu ya ngalawa iliyopinduliwa, na sauti yako nyembamba ilizipita zetu zote. Viputo vikatoka kinywani mwake vikapanda juu. Tukavishangilia viputo. Babako akasema, "Huyu ana pumzi ya kasa," akacheka mpaka akashika mbavu.

Mkono wa Kombo ulikuwa umepita chini ya kamba ya mwani, ndiyo maana hakuelea. Tulidhani ameshika.

Tulikuwa tunamshangilia maiti, Khelef. Mie kwa sauti yangu ya darasani na weye kwa sauti yako ya kitoto.

Walipomleta juu nilitafuta usoni mwake dalili ya mateso. Mama anatafuta. Nilitaka nione kwamba alipigana, kwamba aliniita. Hapakuwa na kitu. Uso ulikuwa mzuri, umeridhika, kama mtoto aliyeshiba maziwa akasinzia. Nikamchukia kwa uso ule. Sikumwambia mtu, lakini nilimchukia mtoto wangu mwenyewe aliyekufa kwa kuwa alikufa akiwa na raha.

Watu wakasema kachukuliwa. Wakasema mahali pale pana wenyewe, na Idd pili si siku ya kuzamia. Mie niliyesoma chuo cha ualimu, niliyekuwa nikiwacheka wanaofunga hirizi, nikalidaka neno lile kwa mikono miwili. Likanifaa miaka mingi. Ukiwa na shetani wa bahari wa kumlaumu huna haja ya kuikumbuka sauti yako. Tukahamia Jadida mbali na ufuko ule, babako akaacha bahari, akawa mtu wa kukaa barazani akitazama barabara mpaka naye alipomfuata Kombo.

Na weye? Mliporudi kutoka makaburini ulikuwa unalia kwa kwikwi, kamasi zinakutoka, umenishika kanga. Unakumbuka nilikwambia nini? Niliutoa mkono wako kwenye kanga yangu, nikakwambia, "Jikaze."

Ukajikaza. Yaa Rabbi, hakuna mtoto aliyewahi kunisikia kama ulivyonisikia weye siku ile. Hukulia tena. Ulivunjika mkono kwenye mkarafuu ukashinda nao mchana kutwa, mpaka jioni nikauona umevimba kama muhogo wakati wa kunawa. Ulikwenda shule na homa ukaanguka mstarini. Babako alipokufa ulibeba jeneza, ukarudi ukala wali. Majirani wakanisifu, wakasema yule ndiye mwanamume, na mie nikazipokea sifa. Nilidhani nimelea jabali. Nililea mtu asiyejua anapoumia.

Sasa mtu huyo huyo anakuja kuniambia atafungua mtungi akihisi. Utahisi kwa kitu gani, baba? Kitu hicho nilikung'oa mie mwenyewe.

Na usiniambie hujui, maana ni weye uliyenifundisha. Ulipokuja likizo iliyopita ulikaa pale pale unakula ndizi mbivu, ukanihadithia mafunzo yenu. Ulisema waliwaonesha picha ya video ya watu waliofungiwa chumba kinachopunguzwa hewa kidogo kidogo. Hawaumwi, ulisema. Hawakabwi. Wanaanza kufurahi. Mmoja alipewa hesabu ya mtoto wa darasa langu, akaandika upuuzi, akaulizwa kama amepata, akasema amepata zote, na anacheka. Aliambiwa avae barakoa iliyo mapajani pake au atakufa. Akaitazama, akatabasamu, hakuivaa, mpaka mwengine akamvisha. Ulinihadithia yote hayo kama kichekesho, na ukachukua ndizi nyengine.

Mie nilikuwa nimeshika sufuria. Hukunitazama. Pale pale mkekani uliniulia shetani wangu, Khelef, yule niliyemfuga miaka yote. Nikajua Kombo hakuchukuliwa na mtu. Alikuwa hana hewa, akafurahi, na mamake anamwambia aendelee. Na uso ule niliouchukia haukuwa wa kuniacha, ulikuwa uso wa mtu asiyejua kwamba anakufa. Niliingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Haya. Nimeshakuumiza vya kutosha, sasa tuchague.

Ule mrija wa puani unaoupenda na kile kikopo chake kinachotoa pufu moja kila ukivuta pumzi, uache. Umekipigia debe weye, kwamba hakimalizi mtungi, kwamba ni chepesi, kwamba mwenzako anakuachia chake. Nikakuuliza kinajuaje kama umevuta. Ukasema kinasikia pumzi ya puani. Sasa nikwambie jambo ambalo mwenzako hajui na kikopo hakijui. Weye ukiwa unafikiri huvuti kwa pua. Tangu ulipokuwa unajifunza kuandika alifu unakaa mdomo wazi kama samaki chewa. Jana ulipokuwa unajaza zile karatasi zako za safari nilisimama mlangoni nikakutazama, na ulikuwa hivyo hivyo, mdomo wazi, ungepitisha nzi. Huko juu utakuwa unatafuta hewa ya kupandia, unatazama mawingu, unatazama zile saa zako zote za vipimo, mdomo wazi, na kikopo kinangoja pua. Ulisema kitapiga kelele kikikosa pumzi. Kitampigia nani? Yule bwana wa video aliambiwa na mtu mzima kwamba atakufa, akatabasamu.

Basi inabaki barakoa, inayofunika pua na mdomo. Nayo ulinijibu kwa haraka kwamba barakoa haikai kwako kwa sababu ya ndevu, hewa inavuja pembeni. Ulijibu kama mtu aliyefunga mlango. Ulijua mie mtoto wa Kipemba, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, sitakuwa na la kusema juu ya ndevu.

Ninalo. Kwanza, ndevu zako unazipaka mafuta, na mafuta yenyewe nakutengenezea mie, ya nazi na karafuu. Msimu uliopita nilikutilia chupa nzima kwenye begi ili wanawake wa huko wajue umetoka kwa watu. Halafu ni weye yule yule uliyesema kwamba oksijeni ya mtungi na mafuta ni moto, kwamba fundi wenu hagusi hata koki ya mtungi na mkono wenye grisi. Ulisema hayo huku unajipaka. Nilikutazama nikasema moyoni, elimu yote ile na mtoto ni mjinga kama babake.

Pili, nimekwenda kwa Shehe wa msikiti wetu. Sikukutaja. Nilimuuliza kama mwanamume akiambiwa ndevu zake zinamzuia kupata hewa ya kumweka hai, afanye nini. Akanitazama juu ya miwani. "Bi Raya, kuihifadhi roho ni wajibu, hili halina mjadala. Nywele zitaota tena." Kisha akaniuliza kwa upole mgonjwa ni nani. Nikamwambia ni mie. Akaniombea dua, na dua ile naona ilifika pahala pake.

Kwa hiyo chukua barakoa. Uinunue mpya, iliyokukaa usoni mwako, isiwe ya kuachiwa na mtu mwenye sura yake. Uivae ukiwa bado chini, kichwa bado chako, hesabu bado unazijua. Ufungue mtungi kabla hujahitaji, kama unavyofungua mwavuli kabla hujalowa. Wenzako wakikucheka redioni, wacheke. Mtu anayecheka huko juu usimwige, mchunguze kwanza. Na siku utakayojisikia mzima kuliko siku zote, mwepesi, dunia nzuri, jangwa zuri, huna deni na mtu, huna mama mkorofi huko Jadida, siku hiyo ushuke. Shuka mbio. Raha ile mie naijua, nimeiona usoni mwa mtu.

Sikuandikii haya ili unionee huruma. Huruma yako siitaki, na yangu hujawahi kuipata kwa hiyo hatudaiani. Wala sikukatazi kuruka. Nilikuuliza mwaka ule ulipoanza, kwa nini ndege, ukasema ukiwa kule juu hapana kelele. Nilidhani unasema injini. Leo mchana, Bi Kazija alipoanza kupiga makofi, niliuona uso wako kabla ya kofi, na nikajua ni kelele gani unayoikimbia. Ulilisikia lile neno, ukaitii sauti yangu katika kinywa cha mtu mwengine. Ndiyo maana hukuachia pumzi. Ungekaa vile mpaka uanguke, kwa sababu umeambiwa.

Basi sikiliza, na usome polepole maana mie silisemi mara mbili. Mie Raya binti Bakar, niliyekwambia ujikaze siku tuliyomzika ndugu yako, nalirudisha neno langu. Usijikaze. Vuta pumzi, mwanangu. Lia ukitaka, huko juu hakuna wa kukuona. Ogopa. Fungua mtungi kwa woga kama wenzako, uwe mwoga kuliko wote uwanjani, mpaka wakutungie jina.

Nimelifungua begi lako kubwa ukiwa Konde. Chupa ya mafuta ya karafuu nimeitoa, iko kabatini na haiendi pahala. Pahala pake, ndani ya soksi ya kijivu, nimekuwekea wembe mpya na sabuni. Nimeuweka kwenye begi kubwa kwa makusudi, usiuhamishie la mkononi ukaja kunyang'anywa ukapata kisingizio.

Utakapofika, kabla ya kuigusa ndege yoyote, ukae mbele ya kioo uzinyoe zote. Utaona uchungu, zimekupendeza, nami nilizipenda, kwa upande zilikufananisha na babako alipokuja kuniposa. Zinyoe hivyo hivyo. Kombo hakujaliwa kuota hata moja ya kunyoa.

Mamako